Mashine ya Kuoshea Vyombo Inaposimama Katikati ya Kazi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Mashine ya kuoshea vyombo ikisimama katikati ya kazi, wengi wetu hukimbilia kubonyeza vitufe vyote kwa zamu, kufungua mlango na kuubamiza tena, kisha kuzima umeme na kuwasha upya. Wakati mwingine mashine huendelea, na mwenye nyumba huona amefaulu, mpaka kesho yake jioni inapokwama tena pale pale. Kwa papara hiyo anakuwa ameufuta ushahidi aliouhitaji kuliko wote, yaani mahali ambapo kazi ilikatikia. Mashine hii haina mambo mengi: huvuta maji, huyarusha juu ya vyombo, huyapasha moto, huyatoa nje, kisha hukausha, na kila kazi ina kifaa chake kinachoweza kugoma. Ukishajua imesimama ikiwa katika kazi ipi, wanaobaki kushukiwa ni wawili au watatu tu, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayehitaji kubadilishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu, chukua kalamu uandike mambo haya: dakika zilizopita tangu uwashe, au dakika zilizobaki kama kioo cha mashine kinaonyesha, taa zinazowaka au herufi na namba zinazomweka, na sauti unayoisikia, iwe ni mngurumo, mvumo mdogo au kimya kabisa. Kisha fungua mlango polepole, kwa kuwa mvuke na maji ya nyuzi 50 hadi 70 yanaweza kukuunguza, na uangalie kama kuna maji chini, kama ni ya moto au ya baridi, na kama ni safi au machafu. Maelezo haya yana thamani kubwa hata kama hatimaye utamwita fundi, maana fundi aliyeambiwa "imesimama dakika ya 25, maji ni baridi na taa zote zinawaka" huanza kazi akiwa nusu ya njia.

Dalili zenyewe husomeka hivi. Mashine iliyokwama katika dakika chache za mwanzo ikiwa na maji kidogo au bila maji ina tatizo la maji kuingia. Iliyosimama na maji machafu chini imeshindwa kuyatoa. Ikiwa maji ni safi kiasi, yana sabuni, lakini ni baridi ilhali nusu saa imepita, tafuta kwenye hita. Ikiwa taa zote zimezimika, tatizo ni umeme au mlango. Na ikiwa pampu inavuma bila kukoma hata baada ya kuzima programu, basi karibu kwa hakika maji yamevujia kwenye sinia la chini ya mashine.

Jambo moja la kuthibitisha kwanza ni kama imesimama kweli. Programu ya kuokoa umeme, ile inayoandikwa Eco, huchukua saa 3 hadi 4 katika mashine nyingi, na ndani yake kuna vipindi vya kunyamaza kabisa, hasa wakati wa kuloweka na wakati wa kukausha. Mtu aliyezoea programu ya dakika 30 huuona ukimya huo kama kifo. Subiri dakika 20 bila kugusa. Kama namba za muda zinazidi kupungua, mashine ni nzima.

Umeme

Ninaanza na umeme kwa sababu katika nyumba zetu ndio unaosingiziwa mara chache kuliko inavyostahili. Anayetumia LUKU au tokeni ahakikishe kwanza kwamba uniti hazikuisha. Sisemi kwa mzaha, maana mashine ikiwa jikoni na mita ikiwa nje ya ukuta, mtu anaweza kudhani ni yeye peke yake aliyezimikiwa.

Baada ya hapo, fikiria uzito wa mzigo. Pampu za mashine hii hula umeme kidogo, lakini hita yake ni ya wati 1,800 hadi 2,000, ambayo kwenye volti 230 ni ampea 8 hadi 9. Ndiyo sababu mashine yenye tatizo la umeme huanza kazi vizuri, ikavuta maji, ikayarusha, kisha ikazimika dakika kadhaa baadaye, hita inapoingia. Watu wengi huichomeka kupitia kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mdogo. Viko vya ampea 5 tu, ambavyo huimudu friji bila shida, lakini hita ya mashine ya vyombo huvibebesha karibu mara mbili ya uwezo wake. Hata chenye ampea za kutosha kitakata umeme volti zikishuka, kisubiri dakika chache na kuurudisha, na wewe utaona mashine inayosimama na kuendelea yenyewe kana kwamba ina akili zake. Soma ampea zilizoandikwa juu ya kifaa. Zikiwa pungufu ya 13, mashine hii isipite hapo. Waya wa kuunganishia (ekstensheni), ule wenye matundu manne ambamo pasi na birika nazo huchomekwa, nao usitumike. Mashine ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi yake ukutani.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji kipimo chochote. Chukua birika la umeme la wati 2,000, ulichomeke kwenye soketi ile ile, saa ile ile ambayo mashine huwa inasimama, na uchemshe maji mara mbili mfululizo. Birika na hita hula umeme karibu sawa. Kama taa za nyumba zinafifia, kama plagi inapata moto usiovumilika mkononi, kama breka inaanguka, umempata mhalifu bila kufungua skrubu moja. Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, apime volti za mtaa wakati birika likichemka. Zikishuka chini ya 200 nyakati za jioni, mashine itakuwa ikisumbuliwa kila siku, na dawa yake ni kuosha usiku mwingi au asubuhi, au kununua stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, inayoweza kubeba mzigo huo. Plagi ya pini tatu za mstatili tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani. Ifungue uone kama vishikizo vya fyuzi vimeungua na kuwa vyeusi, kwa sababu fyuzi iliyolegea hukatika na kushika kadiri inavyopata joto. Wanaotumia inveta ya sola wasome uwezo wake kabla ya kuilaumu mashine.

Taa zikizimika huku soketi ikiwa nzima, tazama mlango. Nyuma ya kufuli yake kuna swichi ndogo inayokata kila kitu mlango ukilegea hata milimita chache. Mara nyingi kinachousukuma ni mpini wa sufuria au mwiko mrefu uliopangwa vibaya kwenye kikapu cha chini. Panga upya, kisha washa na uegemeze goti kwenye mlango. Ikiwa mashine inafanya kazi ukiegemea na kuzimika ukiacha, kufuli au swichi yake imechakaa.

Maji yanapoingia

Mashine ya kisasa huvuta lita 3 hadi 4 kila inapojaza, na mzunguko mzima hutumia lita 10 au zaidi kidogo. Kila inapojaza huhesabu muda au kupima mtiririko, na maji yakichelewa, husimama. Hii ina maana kwamba inaweza kujaza vizuri mara ya kwanza na kukwama mara ya tatu, ikiwa katikati ya mzunguko kuna mtu amefungua bafu.

Ndivyo ilivyotokea nyumbani kwangu. Mashine ilikuwa ikisimama takriban dakika ya 40, lakini jioni tu, kamwe si mchana. Fundi mmoja aliikagua kwa dakika tano, akaniambia bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, imekufa na kunitajia bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashine. Nilikuwa karibu kulipa. Kilichoniokoa ni karatasi niliyoandika saa za kusimama kwa wiki mbili: zililingana na saa za watoto kuoga. Tangi letu liko juu ya mnara wa mita 4, na bomba moja dogo linashuka kulisha bafu na jiko pamoja.

Hesabu yake ni hii. Watengenezaji wengi wanataka presha ya maji isiyopungua ile inayotokana na tangi lililo mita 5 juu ya mashine, ingawa wapo wanaoridhika na mita 3. Nyumba ya chini yenye tangi juu ya dari haiufikii urefu huo wa mita 5, hata tangi likiwa limejaa. Ili kujua ulipo, funga koki, fungua mpira unaopeleka maji kwenye mashine, weka ndoo ya lita 10 chini ya koki na uifungue kabisa. Ndoo ijae ndani ya dakika moja au zaidi kidogo. Ikichukua dakika mbili, hakuna bodi mpya itakayokusaidia. Unahitaji bomba pana zaidi, tangi lililoinuliwa, au pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye mstari wa jikoni. Jaribio hili lifanywe mara mbili, moja bafu likiwa limefungwa na jingine likiwa linatumika.

Ndoo ikijaa vizuri, tafuta kizuizi ndani ya mpira. Mwisho wake unaofungwa kwenye koki una kichujio kidogo cha wavu, na mara nyingi kuna kingine kwenye valvu ya mashine. Mchanga wa kisima, kutu, na vipande vya plastiki vilivyobaki mafundi bomba walipokata mabomba, vyote hukusanyikia hapo. Kivute kwa koleo lenye ncha nyembamba na ukisugue kwa mswaki wa zamani. Angalizo moja: baadhi ya mipira ina kiboksi kinene cha plastiki mwishoni, upande wa koki. Ndani yake kuna valvu ya umeme ya kuzuia mafuriko. Mpira huo usikatwe kufupishwa, na kiboksi kisitumbukizwe ndani ya maji.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu maji ya chumvi, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kinaweka chini ya jina hilo vitu viwili tofauti. Kuna maji yenye chokaa, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kukataa kutoa povu, na kuna maji yenye chumvi hasa ya bahari, kama ya visima vingi vya karibu na pwani, ambayo ulimi huyatambua mara moja. Mashine nyingi zina chumba cha chumvi pembeni mwa kichujio, na kazi yake ni kupambana na ile chokaa peke yake. Dhidi ya chumvi ya bahari haifanyi lolote, na maji hayo hula hita na kuta za chuma taratibu. Anayeishi kwa kisima chenye maji ya namna hiyo ni bora ailishe mashine kwa maji ya bomba la mji yaliyohifadhiwa kwenye tangi la pekee. Chumvi ya kutia humo ni ile ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine za vyombo. Ya mezani ina punje laini na viungo vya kuizuia kugandamana, ambavyo huziba chumba chenyewe.

Maji yanapotoka

Hii ndiyo sehemu inayosababisha kusimama kwingi, na ndiyo unayoweza kuimaliza mwenyewe kwa mikono yako. Chomoa plagi, funga koki, tandika matambara sakafuni. Toa kikapu cha chini. Teka maji yaliyobaki kwa kikombe, umalizie kwa sifongo. Zungusha kichujio cha katikati kinyume cha saa, ukiinue pamoja na bamba la wavu lililo chini yake, na uvioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mpaka uone mwanga ukipita kwenye kila tundu. Katika jiko la nazi, kinachoziba mno ni machicha yaliyochanganyika na mafuta. Hushikamana kama gundi, na kusuuza tu hakuyatoi.

Kichujio kikiwa nje, utaona shimo linaloingia kwenye pampu ya kutoa maji. Vaa glavu nene, kwa sababu kinachopatikana humo mara nyingi ni kipande cha glasi, kisha pekua kwa uangalifu: punje za wali, miiba ya samaki, mbegu za ndimu, vijiti vya kuchokolea meno, karatasi za lebo zilizobanduka kwenye chupa za jemu. Mashine nyingi zina kifuniko kidogo cha plastiki juu ya pampu, kinachofunguka kwa kukiinua na mpini wa kijiko. Chini yake kuna pangaboi dogo. Lizungushe kwa kijiti. Linapaswa kuzunguka kwa kurukaruka, kama linalovutwa na sumaku, kwa sababu kweli linavutwa na sumaku. Usidhani ni kukwama. Likizunguka kwa ulegevu bila mvuto wowote, au lisipozunguka kabisa baada ya uchafu kutolewa, pampu ibadilishwe. Kifuniko kirudishwe hadi kilie, la sivyo pampu itazunguka bila kusukuma kitu.

Kisha fuata njia ya maji hadi mwisho. Vuta mashine mbele utazame kama mpira wa kutolea umebanwa ukutani. Chomoa mwisho wake kwenye bomba la sinki, uuelekeze kwenye ndoo, mimina maji kiasi ndani ya mashine, rudisha umeme na uamuru mashine itoe maji. Katika nyingi hufanyika kwa kukandamiza kitufe cha kuanzia kwa sekunde tatu hivi. Maji yakiruka kwa nguvu ndani ya ndoo, mashine haina kosa na kizuizi kiko kwenye bomba la sinki. Ikiwa mashine ndiyo kwanza imefungwa, angalia tundu lililounganishiwa mpira: masinki mengine huja tundu hilo likiwa limezibwa kwa plastiki nyembamba, na fundi asipoikata, maji hayana pa kwenda.

Kosa la kinyume chake nalo lipo. Mpira ukiachwa umelala sakafuni kwenye tundu la maji machafu, maji huvutwa nje yenyewe wakati mashine ikijaza. Hujaza, hupoteza, hujaza tena, kisha hukata tamaa na kulalamika kuwa hakuna maji. Mpira lazima upande kwanza, kwa kawaida kati ya sentimita 40 na 100 kutoka sakafuni, ndipo ushuke.

Povu na boya

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haitakiwi humu hata tone moja. Najua vidonge vya mashine ni ghali na havipatikani kila duka, lakini povu hujaza pampu hewa, huvidanganya vipima maji, na kufurikia kwenye sinia la chini. Ikitokea, tia maji baridi lita mbili na kikombe cha siki, toa maji, rudia hadi povu liishe.

Ndani ya sinia hilo kuna boya dogo. Maji yakiliinua, mashine huacha kila kitu na kuendesha pampu ya kutolea peke yake, na haitakusikiliza kwa kitufe chochote. Chomoa plagi, funga koki, ivute nje, na kwa msaada wa mtu wa pili iinamishe ili maji yamwagike, kisha uache sinia likauke. Mashine itapona mara moja, lakini hilo si tiba: kama si povu, kuna mpira wa kuziba mlango uliopasuka, mpira uliolegea, au valvu inayovuja, na usipokitafuta, boya litainuka tena wiki ijayo.

Hita, pampu kubwa na bodi

Kuanzia hapa kazi ni ya mwenye multimita na anayejua kuitumia, plagi ikiwa imechomolewa. Hita nzima, ikipimwa baridi na waya zake zikiwa zimetolewa, husoma kati ya omu 20 na 40. Isiposoma kitu, imekatika, na mashine itabaki ikirusha maji baridi ikisubiri joto lisilokuja. Pima pia kati ya ncha ya hita na chuma cha mashine. Usomaji wowote hapo maana yake umeme unavuja, na ndiyo sababu breka huanguka maji yakianza kupata moto. Hita hiyo isijaribiwe tena hata mara moja.

Mashine inayosimama baada ya dakika 20 au 30 za kurusha maji, ikakaa saa nzima na kisha ikafanya kazi tena, huenda pampu yake kubwa, ile ya kurusha maji, inapata joto kupita kiasi na kujikata. Bodi ndiyo ya mwisho kushukiwa, ingawa kwenye joto la pwani mende na mijusi hujipenyeza humo na kuunganisha njia za umeme. Fundi aifungue aitazame kabla ya kuihukumu.

Namba za hitilafu zisomwe kwa akili hiyo hiyo. Kwenye Bosch, E24 na E25 huhusu kutoa maji na E15 huhusu maji kwenye sinia. LG huandika OE kwa kutoa, IE kwa kuingia na AE kwa kuvuja. Samsung hutumia 5C, 4C na LC kwa mambo hayo matatu, au herufi E badala ya C katika mashine za zamani. Namba hutaja kazi iliyoshindikana, haitaji kifaa kilichoharibika. E24 ni ile ile iwe pampu imeungua au mwiba wa changu umekaa vibaya.

Ukishamaliza, endesha programu fupi mashine ikiwa tupu, koki zote nyingine zikiwa zimefungwa, na ukae karibu nayo. Ikifika mwisho, rudia kwa vyombo, kwa programu ile ile na saa ile ile iliyokuwa ikikwama, ukiwa na karatasi yako mkononi, na usubiri dakika uliyoiandika ipite.